Mtoto Mwenye Usonji: Kumlea na Kumtetea Kambini

[MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UNAPUNGUA]

MTANGAZAJI: Hapa ni Kiyeyi, wilaya ya Tororo, si mbali na mipaka ya Malaba na Busia. Leo tunazungumza na wewe mzazi ambaye mtoto wako haitiki ukimwita, hasemi kama wenzake, au analia sana mkiwa kwenye foleni, na majirani wanasema ana pepo. Sogea karibu na redio. Na wewe unayesoma karatasi hii, msomee jirani asiyejua kusoma.

Usonji ni nini?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mtoto mwenye usonji anapokea sauti, mwanga, maneno na watu kwa namna tofauti na wengine. Si ugonjwa wa kuambukiza. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba karibu mtoto 1 kati ya 100 ana usonji. Basi katika zoni yenye watoto 1,000, huenda wako kama 10. Ikiwa hujawahi kumwona hata mmoja, jiulize wako wapi. Wengine wamefichwa ndani ya nyumba.

Dalili huanza mapema. Mtoto wa mwaka 1 hageuki ukimwita jina. Wa mwaka 1 na nusu haonyeshi kitu kwa kidole. Mwingine alikuwa na maneno machache, yakapotea. Mwingine anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja kutwa nzima, anapiga mikono hewani, anarudia maneno yako badala ya kujibu, au anaziba masikio mvua ikipiga mabati.

Dalili moja peke yake haitoshi. Mpeleke kituo cha afya. Omba wapime masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia naye haitiki. Waambie kama huwa anaanguka na kutetemeka, maana kifafa huwapata watoto wengi wenye usonji, na kifafa kina dawa. Waeleze pia mabadiliko yalianza lini. Mtoto aliyezungumza vizuri mpaka miaka 6, akanyamaza baada ya kuona vita, huenda ana majeraha ya moyo. Huyo naye anahitaji msaada, lakini wa aina nyingine.

[MUZIKI MFUPI]

Hausababishwi na nini?

Mama, hukuuleta wewe. Si laana, si uchawi, si dhambi ya ujauzito. Si kwa sababu nyumbani mnasema Kiswahili na lugha nyingine mbili. Sehemu kubwa inatokana na urithi wa damu, na wataalamu bado wanachunguza mengine.

Wala si chanjo. Uvumi wa chanjo ulipata nguvu kutokana na makala ya daktari mmoja Uingereza mwaka 1998. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Lakini uvumi ulikuwa umeshafika mbali. Huko Minnesota, Marekani, Wasomali wengi waliofika kama wakimbizi waliogopa, wakaacha kuwachanja watoto dhidi ya surua. Mwaka 2017 surua ilizuka ikashika watu 75, wengi wao watoto wa Kisomali ambao hawakuchanjwa. Katika kambi tunaishi tumebanana, na surua inaua. Mpeleke mtoto wako kwenye chanjo.

Na anayekuambia ana dawa ya kuondoa usonji, usimuuzie mgao wako ili umlipe. Dawa hiyo haipo. Kuchanja ngozi, kuchoma au kumnyima chakula ni kumuumiza tu.

Kumlea kila siku

Mtoto huyu anajifunza, ila kwa hatua ndogo. Msemee maneno machache: "Njoo. Kula." Muonyeshe kitu unachokitaja. Kabla ya kwenda kisimani, mpe jerikeni ndogo mkononi ili ajue mnakwenda wapi. Fuata ratiba ileile: kuoga, chai, kucheza, kulala. Akipanga vifuniko, kaa chini upange naye. Hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Akifanya vizuri, msifu papo hapo. Akilipuka kwa kilio, usimpige. Mtoe kwenye kelele, subiri atulie.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Ethiopia wameyajaribu. Uliza kituo chako cha afya kama mafunzo ya namna hii yapo.

Sasa jambo zito. Baadhi yetu tunamfunga mtoto kamba tukienda kuchota maji au kuchukua mgao. Tunaelewa sababu: akitoka hupotea, na wengi wanapenda maji, hivyo mto na shimo ni hatari kwao. Lakini kukitokea moto, aliyefungwa hawezi kukimbia, na kamba inakata ngozi. Panga zamu na mama wenzako wawili: leo wewe unakwenda, kesho mwingine. Shona ndani ya nguo yake namba ya simu na jina la bloku. Waambie wauza duka na vijana wa boda: "Mkimwona huyu peke yake, mrudisheni."

[MUZIKI MFUPI]

Kumtetea

Kwanza, uandikishaji. Wakati wa kuhakiki familia, sema wazi kwamba mtoto ana ulemavu na mahitaji maalum, uone imeandikwa. Usimwache nyumbani kwa aibu. Kama una karatasi ya hospitali ya upande wa Kenya au Kongo, itunze kwenye plastiki.

Pili, foleni. Omba kupitishwa mapema au kuwekwa mahali patulivu. Mhusishe mwenyekiti wenu wa RWC au kiongozi wa bloku.

Tatu, shule. Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto mkimbizi elimu ya msingi sawa na raia, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza kumbagua. Kenya, kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinalinda haki ya elimu ya mwenye ulemavu, na vituo vya EARC vinapima watoto wenye mahitaji maalum. Mwalimu mkuu akikataa, omba sababu kwa maandishi, kisha upeleke kwa afisa wa ulinzi wa mtoto.

Nne, usitetee peke yako. Nairobi, wazazi waliungana mwaka 2003 wakaanzisha chama cha usonji cha Kenya. Walikuwa wazazi kama wewe. Mzazi mmoja ofisini huambiwa arudi kesho. Wazazi 10 wakiingia pamoja, afisa huchukua kalamu.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:
1. Katika bloku yetu, ni mtoto gani hatumwoni nje, na nani atamtembelea mama yake wiki hii?
2. Nani anaweza kushika zamu siku ya mgao?
3. Shule yetu inampokeaje mtoto asiyezungumza?

Mtoto huyo ana jina. Mwite kwa jina lake, siyo kwa hali yake.

[MUZIKI WA KUFUNGA]