Bukavu: Mkunga ambaye malipo yake yanatoka katika faktire ya mama aliyejifungua

Saa nane ya usiku umeme umekatika tena kwenye kilima hiki cha komine ya Kadutu. Katika chumba cha kuzalishia, mkunga ameegemeza simu yake kwenye chupa ya dawa ili tochi imulike kitanda, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Aliyelala hapo ni mama kijana, mimba yake ya pili. Amefika na mama mkwe wake na motari mmoja. Nyumbani kwao pikipiki haifiki mlangoni: njia ni ngazi za udongo tu, na mvua ilikuwa imenyesha jioni. Walishuka kwa miguu hadi barabarani, wakisimama kila uchungu ulipokuja.

“Usisukume kwanza, mama. Pumua. Mimi nitakuambia wakati.”

“Ndiyo, mama munganga.”

Jina la mkunga huyu hatulitaji, wala la hospitali yake. Hana ruhusa ya wakubwa wake kuongea na waandishi wa habari, na mambo aliyotueleza kuhusu pesa yanaweza kumletea shida. Alikubali tukae naye zamu moja ya usiku, toka jioni mpaka asubuhi, kwa sharti kwamba tusiingie chumbani bila mama mwenyewe kukubali. Mama huyu alikubali. Mama mkwe ndiye aliyetuangalia kwa jicho baya hadi mwisho.

Mtoto anatoka saa nane na dakika arobaini. Ni msichana. Halii.

Katika kazi hii kuna dakika moja ambayo haifanani na dakika nyingine. Mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa anapaswa kusaidiwa ndani ya dakika hiyo ya kwanza, la sivyo ubongo wake unaanza kukosa hewa. Mkunga hakukimbia wala hakupaza sauti. Alimfuta mtoto kwa kitambaa kikavu, kwa nguvu, mgongoni na kichwani. Akatupa kitambaa kilicholowa, akachukua kingine. Akamsugua tena uti wa mgongo. Mfuko wa kupulizia hewa, ule wenye barakoa ndogo ya mpira, ulikuwa tayari mezani. Aliupanga na kuujaribu kwenye kiganja chake kabla mama hajaanza kusukuma. Hakuuhitaji. Mtoto alikohoa, akakunja uso, akalia. Nje ya mlango mama mkwe akapiga vigelegele, na motari, ambaye hakuwa ameondoka kwa sababu hajalipwa, akacheka kwa sauti.

Kwa familia, kazi ilikuwa imeisha. Mkunga alitueleza baadaye kwamba hapo ndipo yeye anaanza kuogopa.

Kinachomtisha ni damu. Kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa ni moja ya sababu kubwa zinazoua wamama ulimwenguni, na katika nchi yetu pia. Mama anaweza kuwa mzima, anaongea, anauliza mtoto ana uzito gani, na katika muda wa saa mbili akawa amekufa. Tumbo la uzazi linapaswa kujikaza baada ya kondo la nyuma kutoka, ili mishipa iliyofunguka ijifunge. Likibaki laini, damu inakuja tu. Ndiyo maana kila baada ya dakika kumi na tano usiku ule alirudi kuweka mkono chini ya kitovu cha mama na kubonyeza. Likiwa gumu kama ngumi, anashukuru na kuandika. Likiwa laini, analisugua mpaka likaze.

Dawa ya kwanza ni oksitosini, vipimo kumi kwenye msuli, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Ni dawa ya bei ndogo na inajulikana mahali pote. Shida yake ni moja: inataka kukaa kwenye baridi, kati ya digrii 2 na 8. Ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu bila kubadili rangi wala harufu. Unachoma sindano, unaamini umefanya kazi, kumbe umechoma maji. Katika hospitali hii friji iko kwenye jengo lingine, pamoja na chanjo, na ufunguo anao mtu mmoja. Kwa hiyo kila jioni mkunga anachukua chupa chache na kuziweka ndani ya sanduku dogo la barafu chini ya meza. Barafu ikiyeyuka kabla ya asubuhi, anabakiwa na vidonge vya misoprostoli, ambavyo havihitaji baridi.

Na damu yenyewe inapimwaje? Kwa macho. Wamama wengi wanakuja na vitenge vya rangi nzito, nyeusi au bluu ya giza, wakidhani ndivyo vinavyofaa kwa sababu havionyeshi uchafu. Mkunga hapendi. Anaomba kitambaa cheupe au cha rangi ya maji, hata kama ni shuka iliyochakaa, ili aone. Kiasi cha hatari kinaanza kwenye nusu lita, na jicho lililochoka, kwenye mwanga wa simu, linaona nusu lita kama kikombe.

Kuna njia bora zaidi na haiko mbali na sisi. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaowekwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka. Damu ikifika kwenye alama, hawasubiri munganga mkubwa: wanasugua tumbo, wanachoma oksitosini, wanatoa dawa ya kugandisha damu, wanaweka seromu, wanatafuta kidonda kilipo, vyote kwa mara moja. Matatizo makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Mkunga wetu anaujua utafiti huo. Aliusikia kwenye semina. Mfuko wenyewe hajawahi kuushika.

Tukumbuke hesabu za nchi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013-2014 ulikuta vifo 846 vya wamama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wazima. Kwa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walikadiria 547. Njia za kuhesabu si zile zile, kwa hiyo tusizilinganishe haraka. Lakini uchunguzi ule wa kwanza ulisema pia kwamba wamama 8 kati ya 10 walikuwa tayari wanazalia kwenye vituo vya afya. Mara nyingi tunasikia kwamba wamama wanakufa kwa sababu wanabaki nyumbani. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufika mlangoni kwa mkunga. Inabaki kujua walikuta nini ndani.

Kabla hawajafa, wengine wanaumia. Karatasi ya partogramu, ile ambayo mkunga anachora mstari kufuata jinsi njia ya uzazi inavyofunguka, ndiyo inayomwambia kwamba uchungu umerefuka na mama anapaswa kupelekwa kwenye upasuaji. Huko vijijini, ambako mama anabebwa kwenye kipoyi kwa saa nyingi, mstari huo unakuwa umepita zamani. Hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, inajulikana ulimwenguni kwa kutibu wanawake waliobakwa. Lakini kati ya wagonjwa wa fistula wanaopokelewa huko wamo pia wale ambao hakuna mtu aliyewashika kwa nguvu. Walizaa kwa siku mbili, tatu, bila msaada.

Saa kumi ya usiku tumbo la mama kijana ni gumu, damu ni kidogo, na mtoto analala kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, chini ya blanketi. Bukavu iko juu, zaidi ya mita 1,400, na usiku wa mvua ni baridi. Mkunga hataki mtoto aoshwe kabla ya jioni. Mama mkwe anataka aoshwe sasa hivi. Wanabishana kwa sauti ya chini.

“Mama mzazi, wewe umezaa wangapi?”

“Saba.”

“Basi unajua kumtunza. Huyu mwache na joto la mama yake, kesho utamwosha wewe mwenyewe, mimi sitakugombeza.”

Ameshinda. Anarudi kukaa kwenye kiti cha plastiki na ndipo anaanza kuongea juu ya pesa.

Amefanya kazi hapa miaka kumi na moja. Alisoma kwenye chuo cha ufundi wa tiba, ISTM, ana diploma. Mshahara wa serikali haupati, kwa sababu namba yake ya matrikule haijatoka. Wafanyakazi wa afya walio katika hali hiyo ni wengi nchini, na kila msomaji wa ukurasa huu anaye mmoja katika familia. Anachopata ni ile prime ya ndani: pesa ambazo wagonjwa wanalipa zinakusanywa, hospitali inanunua dawa na mafuta ya jenereta, kinachobaki kinagawanywa mwisho wa mwezi.

Maana yake ni nyepesi, na ni nzito. Yule mama aliyemshika mkono saa nane ya usiku ndiye atakayemlipa. Akilipa. Asipolipa, mkunga hana kitu cha kupeleka sokoni. Na tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 na mabenki kufunga milango, wanaume wengi wa mtaa huu walipoteza kazi, na wale wenye akiba hawakuweza kuifikia. Faktire zimebaki zile zile.

Kwenye korido ya nyuma, nje ya chumba cha waliojifungua, kuna mikeka minne. Wanaolala hapo walipona zamani. Munganga amekwisha kuwaandikia kutoka. Wanangoja mtu alete pesa. Mmoja alipasuliwa, mtoto wake ana siku kumi na tisa, na mume alipanda kwenda kwenye machimbo ya dhahabu kutafuta, hajarudi. Wanapika kwa zamu nyuma ya jengo, wanafua, wanabebeana watoto. Jambo hili halifanyiki hospitali hii peke yake, wala Bukavu peke yake. Kila mtu nchini anajua na wachache wanalisema.

Mkunga ndiye mlinzi wao, ingawa hakuna mahali ilipoandikwa hivyo. Mama akitoroka usiku, faktire yake inakatwa kwenye prime za waliokuwa zamu. Kwa hiyo mtu yule yule anayebonyeza tumbo kila robo saa ili mama asife, ndiye anayetazama mlango ili asiondoke. Aliyesoma uzazi miaka yote ile hakusomea hilo, na mimi naona ni aibu kumwachia yeye kazi hiyo, ofisi zikiwa zimelala.

Anayetoroka naye anapoteza. Harudi kwa chanjo ya mtoto wala kwa kuonyesha kidonda, akiogopa kushikwa. Cheti cha kuzaliwa kinabaki kwenye droo ya hospitali, na bila hicho kumwandikisha mtoto kwa serikali, bure katika siku 90 za kwanza, kunakuwa safari ya maelezo marefu. Mimba inayofuata atazalia nyumbani.

Tarehe 5 Septemba 2023 Rais Félix Tshisekedi alizindua mpango wa kuzaa bure, Kinshasa ikiwa ya kwanza. Wazo ni kwamba mama na mtoto wake mchanga wasilipe kitu. Hospitali itume faktire kwa Mfuko wa Mshikamano wa Afya, nao ulipe. Mkunga anaukubali mpango huo kwa moyo wote, na anauogopa. Hapa kwake mama bado analipa. Siku mama atakapoacha kulipa na Mfuko ukachelewa, prime itatoka wapi? Aliuliza swali hilo kwenye mkutano wa wafanyakazi. Aliambiwa asubiri.

Tulimwuliza kama kuna mama aliyewahi kutoroka katika zamu yake. Alisema yuko mmoja, mwezi uliopita, mwenye mapacha. Alikatwa. Tulimwuliza kama alimwona akitoka. Aliinama akafunga kamba za kiatu chake, cha kulia, kisha cha kushoto, akaenda kuangalia tumbo.

Saa moja ya asubuhi zamu inabadilishana. Kwenye daftari kubwa ameandika watoto watatu wazima na wamama watatu wazima. Anamwonyesha mwenzake sanduku la barafu: ndani ni maji, na chupa mbili za oksitosini ambazo hazifai kutumika tena. Mama kijana anakunywa uji alioletewa na shemeji yake. Mama mkwe ameshikilia karatasi iliyokunjwa mara nne na anauliza ofisi ya malipo inafunguliwa saa ngapi, na kama wanapokea nusu. Motari bado yuko nje.