Kilimia: kuzama na kuzuka

Kilimia ni nomino ya ngeli ya KI-VI inayotaja kundi dogo la nyota lililomo katika kundinyota la Ng'ombe. Mzizi wake ni kitenzi -lima, katika kauli ya kutendea -limia. Ni jina la kitu ambacho kwacho watu hulimia, yaani kinachowaonyesha wakati wa jembe. Ndugu za jina hili zimo katika lugha nyingine za Kibantu: Kizulu na Kixhosa husema isiLimela, Kisotho husema selemela. Kiswahili kina pia thurea, kutoka Kiarabu, lakini msomaji wa leo aonapo neno hilo hufikiria kwanza taa ya mapambo iningʼiniayo darini. Mfasiri na achague Kilimia.

Ingawa nyota zake ni nyingi, jina hubaki katika umoja: Kilimia kimechomoza, si vimechomoza wala imechomoza. "Nyota ya Kilimia" hupotosha maana, na "kundinyota la Kilimia" vilevile. Kundinyota ni umbo tu machoni petu. Nyota zake zaweza kuwa mbalimbali mno zenyewe kwa zenyewe. Kilimia ni fungunyota: nyota zaidi ya 1000 zilizozaliwa katika wingu moja la gesi na zinazosafiri pamoja, umbali wa miaka-nuru takriban 440 kutoka duniani. Huitwa fungunyota wazi kwa kuwa nyota zake zimetawanyika bila kusongamana. Jicho tupu huona sita au saba. Galileo, kwa darubini yake, alichora 36 katika kitabu alichokichapisha mwaka 1610.

Kinachowatatiza wafasiri zaidi ni msemo wa wahenga: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wengi hudhani kuzama huku ni kule kwa kila usiku. Lau ingekuwa hivyo, msemo ungetabiri hali ya hewa ya kesho yake, jambo ambalo Kilimia hakiwezi. Vitenzi hivi ni vya mwaka. Kuzama ni kupotea katika mwanga wa jua magharibi, jioni. Kuzuka ni kuonekana tena mashariki kabla ya alfajiri, baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa.

Pwani ya Kigoma na Ujiji yafaa sana kuyaona hayo. Kiswahili cha bahari kilifika Ujiji pamoja na misafara ya karne ya 19, na hapo Ziwa Tanganyika liko upande wa magharibi, hivyo Kilimia huonekana kikishuka juu ya maji kuelekea milima ya Kongo. Kila jioni ya Aprili huwa chini zaidi, na mwanzoni mwa Mei hakionekani tena. Katika Juni huzuka upande wa nchi kavu. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kukoma karibu na Mei, bila kugawanyika waziwazi katika vuli na masika kama pwani ya bahari. Kwa hiyo nusu ya pili ya msemo huwaelekea watu wa ziwa kuliko ya kwanza: kwao Kilimia huzama mvua zikiisha na kuzuka katika kiangazi.

Mwishoni mwa Novemba Kilimia huchomoza jua likitua na kufika juu kabisa karibu na saa 7 usiku, digrii 61 hivi juu ya upeo wa kaskazini. Majira ya jembe yamefika, lakini mawingu ni mengi. Atakaye kukiona vizuri na asubiri Agosti, saa 10 au 11 alfajiri, usiku usio na mwezi. Ni usiku uleule wanaoutaka wavuvi wa dagaa, kwa kuwa taa zao huwavuta samaki gizani, nao hupumzika mwezi ukiwa mpevu. Mtazamaji azipe mgongo taa hizo, ayaache macho yazoee giza kwa dakika 20, kisha atazame kando kidogo ya fungu, si katikati yake. Nyota hafifu huonekana zaidi kwa pembe ya jicho.

Katika tafsiri ya msemo, basi, kuzama kunahitaji neno la kutoweka kwa majira, au maelezo mafupi pembeni.