Kuku wa Kwanza Kapseret: Uanze na Wangapi?
(Sehemu ya Pili)

Tangu tulipozungumzia banda juma lililopita, swali ninaloulizwa ni moja: niweke kuku wangapi? Nami huuliza, kwenu mnakula mayai mangapi?

Nyumba ya watu watano ikila mayai 20 kwa juma haijajinyima. Kuku wa mayai aliyekomaa hutaga matano au sita kwa juma, kwa hiyo wanne wanatosha. Kienyeji walioboreshwa, kama wale wa kituo cha utafiti cha KALRO Naivasha, hutaga machache kidogo, weka sita. Kienyeji halisi ana mambo yake: akitaga kumi na kitu huatamia siku 21, halafu hulea. Muda huo wote, mayai ya kukaanga utanunua dukani.

Chini ya watatu usishuke. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe aliandika mwaka 1921 jinsi kuku wanavyopangana nani amdonoe nani. Ukiwa na wawili, mwewe akichukua mmoja, mgeni utakayemleta ataibeba midonoo yote peke yake. Katika kundi la sita maudhi hayo hugawanyika.

Sasa chakula, ambapo wengi huteleza. Kuku wa mayai hula karibu gramu 120 kwa siku. Gunia la kilo 70 kwa kuku sita ni siku 97! Julai yetu ilivyo na mvua, chakula kitaota ukungu kabla hujafika nusu, na baadhi ya ukungu huo huleta sumu ya aflatoksini. Mwenye sita anunue kwa kilo pale agroveti, hata kama bei ya rejareja inauma. Kuku 20 humaliza gunia kwa siku 29. Idadi hiyo ina maana kwa anayetaka kuuza trei, si kwa anayejifunza.

Halafu kuna baridi. Huku tuko mita 2,000 na zaidi juu ya bahari, na kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Mimi nilianza kwa pupa, na vifaranga 50. Usiku mmoja jiko likazimika nikiwa nimelala. Asubuhi niliwakuta wamerundikana kwenye kona kama sufi. Wa juu walikuwa wakilia. Wa chini walikuwa wamekwisha kufa kwa kukosa pumzi. Kwa hiyo mgeni wa kazi hii namshauri anunue tembe wa miezi minne. Bei iko juu, lakini shida ya jiko amebebewa na mwingine.

Uliza kama wamechanjwa kideri, na lini. Chupa ya chanjo hutosha kuku wengi kuliko ulio nao, na ikishachanganywa haingoji kesho. Patana na majirani, mchange, mchanje siku moja.

Jogoo? Mayai ya kula hayamhitaji. Ukitaka vifaranga, mmoja atatosha mitetea wanane hadi kumi, ila kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 kamwambie jirani kwanza. Saa kumi alfajiri atakuwa akimwamsha yeye pia.

Mimi ningeanza na sita, ndani ya banda la kutosha kuku kumi.