Kompyuta Mpakato ya Zamani Bado Ina Kazi: Hatua za Kuhamia Mfumo Endeshi Huria kwa Usalama

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha utoaji wa masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo na zinaendelea kuwaka kama kawaida. Hata hivyo, kasoro mpya za usalama zinazogundulika sasa hubaki bila kuzibwa, isipokuwa kwa watumiaji waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda maalumu.

Toleo linalofuata, Windows 11, linahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakato kilichomo katika orodha iliyoidhinishwa. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikidhi vigezo hivyo. Mwananchi mwenye kompyuta ya aina hiyo si lazima aitupe au anunue nyingine. Anaweza kuweka mfumo endeshi huria, mradi azingatie mpangilio wa hatua, kwa kuwa hatua moja ikirukwa anaweza kupoteza nyaraka zake zote.

Mfumo huria ni upi?

Ni mfumo ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuukagua, kuurekebisha na kuusambaza bila kulipia leseni. Mifumo mingi ya aina hii imejengwa juu ya Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland.

Kwa anayeanza, matoleo mawili yanafaa zaidi. La kwanza ni Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye maana ya utu. La pili ni Linux Mint, ambalo mpangilio wake wa menyu hautampa shida aliyezoea Windows. Linux Mint huhitaji angalau gigabaiti 2 za kumbukumbu, ingawa 4 ni bora zaidi, pamoja na gigabaiti 20 za nafasi kwenye diski.

Hatua ya kwanza: hifadhi nakala

Nakili nyaraka, picha na kumbukumbu za biashara kwenye diski ya nje, kisha zifungue katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha kuwa zinasomeka. Iwapo diski ya kompyuta imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake wa kurejesha na uuhifadhi mahali salama.

Hatua ya pili: orodhesha programu unazozitegemea

Huduma zinazopatikana kupitia kivinjari kwa kawaida hufanya kazi bila tatizo. LibreOffice hufungua na kuhifadhi nyaraka za Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kubadilika kidogo. Programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee, zikiwemo baadhi za uhasibu na usanifu, huenda zisifanye kazi. Ikiwa riziki yako inategemea programu ya namna hiyo, usihame kabla ya kupata mbadala.

Hatua ya tatu: andaa flashi

Pakua mfumo kutoka tovuti rasmi ya toleo ulilochagua. Faili la Linux Mint lina takribani gigabaiti 3 na la Ubuntu hukaribia 6, hivyo ni vyema kupanga matumizi ya kifurushi cha intaneti. Tumia programu kama Rufus au balenaEtcher kuliandika faili hilo kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi. Zingatia kuwa kazi hii hufuta kila kilichomo kwenye flashi. Kwa sababu hiyo, usitumie flashi uliyohifadhia nakala zako.

Hatua ya nne: jaribu kabla ya kusakinisha

Washa kompyuta upya na uchague kuanzia kwenye flashi. Kwa kawaida hubonyezwa F12, F2 au Esc kulingana na mtengenezaji. Mfumo utafunguka bila kubadilisha chochote ndani ya diski. Jaribu mtandao usiotumia waya, sauti, kamera na printa. Kifaa kisipofanya kazi, zima kompyuta na uchomoe flashi; Windows itarudi kama ulivyoiacha.

Hatua ya tano: sakinisha

Hapa kuna chaguo mbili kuu. Ya kwanza ni kuuweka mfumo mpya kando ya Windows, ambapo utachagua mfumo wa kutumia kila unapowasha kompyuta. Ya pili ni kufuta diski yote, na anayeichagua hataweza kurejea alikotoka bila nakala aliyohifadhi. Soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza, na uhakikishe chaja imechomekwa.

Kazi ikikamilika, fungua kisimamizi cha masasisho na usakinishe yaliyopo. Iwapo bado una mashaka, baki katika hatua ya nne kwa siku kadhaa. Kujaribu hakukugharimu nyaraka zako, na uamuzi wa kusakinisha unabaki mikononi mwako.