Mashine ya Leza Ikipita Mbele ya Fremu Yako, Fanya Haya Kabla Hujamwaga Zege

Wafanyabiashara wenzangu wenye fremu na vibanda kando ya barabara, hii ni yenu.

Ukiona wapimaji wamesimamisha mashine ya miguu mitatu inayozungusha kichwa, au gari lenye mashine juu linapita taratibu, usidhani wanapiga picha tu. Hiyo ni leza. Duka langu lipo kando ya lami, nikawafuata nikauliza.

Iko hivi: mashine inarusha miale. Mwale ukigonga ukuta, nguzo au lami, unarudi. Muda wa kwenda na kurudi ndio unaotoa umbali. Mwanga unakimbia kama kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo mashine inakusanya vipimo maelfu kwa maelfu kila sekunde. Kwenye kompyuta vidoti vyote vinaunda barabara nzima: mteremko, mtaro, mpaka ngazi ya duka lako. Hapo mainjinia wanajua udongo wa kukata na wa kujaza ni kiasi gani.

Ila leza inaona kilicho mbele yake tu. Bomba lililofukiwa haioni. Na haijui kibanda ni cha nani. Hapo kazi ni yako:

1. Jua umbali wako. Kwa Tanzania, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati. Pima mapema asubuhi, mtu mwingine akiangalia magari.

2. Uliza kimo. Wengi tunauliza "mnabomoa?" tu. Uliza pia: "Lami mpya itakuwa juu au chini ya sakafu yangu?" Barabara ikiinuliwa kuliko duka, mvua ikinyesha maji yanafuata magunia yako ya unga.

3. Tunza ushahidi. Mkataba wa pango, leseni, risiti, picha zenye tarehe. Nakala moja iwe nyumbani, sio dukani.

4. Mtaji uwe wa kuhamishika. Mpaka upate majibu, nunua meza na shelfu, sio zege na marumaru.

Kama jirani yako ameshaagiza mchanga na saruji, mtumie hii leo.