Mahali pa Kukutania si Njia

Mtu afikaye Oldonyiro siku ya mnada wa mifugo humwona mfugaji aliyetoka upande wa Kipsing na mbuzi wake watano, na tajiri aliyekuja kwa lori kutoka mji wa Isiolo, wamesimama kando ya boma wakivutana bei kwa sauti ya chini. Mnunuzi hupapasa mgongo wa mnyama, humfungua kinywa akatazama meno, na wakisharidhiana humpaka alama ya rangi ili asichanganyike na wa mwingine, ushuru ukalipwa, kila mtu akashika njia yake. Boma lile halimchukui mbuzi yeyote popote. Kazi yake ni moja tu, kuwakutanisha watu, walakini pasipo kazi hiyo muuzaji angezunguka nyika nzima akimtafuta mnunuzi aliye karibu naye.

Naanza na boma hilo kwa kuwa mojawapo ya kesi kubwa za kwanza za intaneti katika nchi yetu, kesi ambayo raia wengi hawakupata kuisikia, ilikuwa juu ya boma la namna hiyo.

Kwa miaka mingi simu zote za Kenya zilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1998 ililigawa shirika hilo, na mwaka 1999 zikazaliwa Telkom Kenya kwa ajili ya simu, Shirika la Posta kwa ajili ya barua, na Tume ya Mawasiliano kuwa mwamuzi baina ya wafanyabiashara wote wa sekta hiyo. Telkom ikapewa ukiritimba wa miaka mitano, hata mwaka 2004, na miongoni mwa haki zake za pekee ilikuwamo ile ya kupitisha mawasiliano ya intaneti yaendayo ng'ambo, kwa hoja kwamba kampuni ipate nguvu ya kufikisha nyaya mashambani kabla ya kukabili ushindani.

Na kwa kuwa kampuni za intaneti hazikuwa na mahali pa kukutania humu nchini, matokeo yalikuwa ya ajabu. Barua pepe iliyotumwa kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi iliyo ng'ambo ya barabara, maadamu ofisi hizo zilihudumiwa na kampuni mbalimbali, ilipanda hadi setilaiti iliyo umbali wa kilomita 36,000 juu ya ardhi, ikashuka Marekani au Ulaya, kisha ikarejea kwa njia kama hiyo. Na ingawa mawimbi hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, safari ya kwenda na kurudi pamoja na kungoja zamu ilikula sekunde moja hata mbili. Fauka ya hayo, kila hatua ililipiwa kwa dola, ilhali karibu asilimia 30 ya mizigo hiyo ya intaneti ilitoka kwa watu walioko Kenya ikaenda kwa watu walioko Kenya. Ni kana kwamba mfugaji wa Oldonyiro ameamriwa ampeleke mbuzi hadi bandari ya Mombasa, alipie kumpandisha na kumshusha, ndipo amrejeshe na kumkabidhi mnunuzi aliyesimama naye boma moja.

Mwezi wa Novemba 2000 chama cha watoa huduma za intaneti, TESPOK, kilifungua jijini Nairobi kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP. Asiwazie mtu jumba la fahari: asili ya kituo cha namna hii ni chumba chenye kabati la chuma na swichi, ambapo kila kampuni huleta waya wake, zikapokezana mizigo ya wateja wao papo hapo. Telkom ikapeleka malalamiko mara moja, ikidai kwamba haki yake ya pekee imevunjwa, na haikupita majuma mawili Tume ikaamuru kituo kifungwe kwa kuwa hakina leseni.

Hoja ya Telkom haikuwa ya upuuzi, kwani kampuni iliyopewa haki kwa sheria ina ruhusa ya kuilinda. Wenye kituo nao wakajibu mbele ya Baraza la Rufaa la Mawasiliano kwamba wao ni kundi la watu maalumu waliokubaliana kuunganisha mitambo yao, jambo ambalo sheria iliruhusu, na kwamba mzigo usiotoka nje ya nchi hauwezi kuhesabiwa kuwa mzigo wa ng'ambo. Kiini cha shauri kilikuwa fasili ya kitu ambacho mwandishi wa sheria hakukiwazia: aliyepewa milki ya njia, je, amepewa pia milki ya mahali pa kukutania?

Baada ya takriban mwaka mzima wa rufaa, mazungumzo ya faragha na kelele za wananchi, leseni ilitolewa Novemba 2001, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Mzigo uliokuwa ukisafiri kwa sekunde nzima ukawa unafika kwa sehemu ndogo ya sekunde. Baadaye Telkom yenyewe ikaleta waya wake, na Mamlaka ya Mapato ikaleta wake. Kufikia mwaka 2012, kwa hesabu ya Jumuiya ya Intaneti, kampuni zilizounganishwa hapo zilikuwa zikiokoa karibu dola milioni moja na nusu kila mwaka.

Kwetu pembezoni shauri hili lina faida ya kukumbukwa. Ukiritimba ule uliombwa kwa jina la mashambani, lakini ulipokoma mwaka 2004, simu nyingi za mashambani hazikuwa za waya, na hata leo kuna mabonde ya Isiolo ambako mtu hupanda kilima apate mawimbi. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano, iliyorithi kazi ya Tume, ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao inayomilikiwa na jamii zenyewe, ili kijiji kiweze kusimamisha mlingoti wake kwa masharti mepesi. Wazee wanaoketi chini ya mgunga kuamua nani asimamie boma la mnada wanao ujuzi wote unaohitajika kwa jambo hili; naomba siku moja waliweke katika ajenda yao, na waende kuitaka leseni mapema, kabla hajatokea mtu wa kuwaambia kwamba mahali pao pa kukutania ni milki yake.