Muratina na sumu si kitu kimoja

Mwezi wa Julai mwaka 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipowaagiza wabunge wa eneo la Kati waongoze msako wa pombe haramu, kundi la vijana wakiandamana na askari wawili liliingia katika boma la ami yangu huko Murang'a. Ami alikuwa na umri wa miaka 78. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akiota jua la asubuhi. Hawakumtukana wala hawakumgusa, na kwa hilo ninawashukuru. Walivitoa vibuyu vitatu vilivyokuwa kando ya meko, wakavipasua kwa mawe, uwanja ukalowa asali na povu. Kisha kijana mmoja akayaangua mayegea matano makavu yaliyokuwa yakining'inia juu ya moshi, akaenda kuyatupa chooni.

Msomaji asiyetoka sehemu zetu huenda akajiuliza yegea lina thamani gani hata mzee mzima alililie. Mwegea ni ule mti wenye matunda marefu, mazito, yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu mithili ya soseji. Wakikuyu huliita tunda hilo muratina, na ndilo lililoipa divai yetu ya asali jina lake. Tunda bichi lina sumu, kwa hivyo halitumiwi hivi hivi. Hupasuliwa kwa urefu, likaanikwa, likachemshwa ili uchungu utoke, likaanikwa tena. Baadaye hulowekwa katika asali kidogo iliyochanganywa na maji ya vuguvugu, karibu na moto, siku nzima. Nyuzinyuzi zake ndizo zinazonasa chachu. Likikaushwa, chachu ile husinzia humo ndani, ikangoja siku tunda litakapotumbukizwa tena katika asali, nayo ikaamka.

Mayegea ya ami aliyarithi kutoka kwa babu, ambaye naye alipewa na mtu wa rika lake kabla ya Uhuru. Kibuyu kikivunjika, mbegu hupandwa na kingine kikaota uani. Chachu iliyotunzwa na watu watatu katika vizazi viwili haioti uani.

Mimi nilianza kufundishwa kazi hii mwaka 1986, wakati wa likizo, nikiwa kijana wa miaka 20. Nilifundishwa kuipika wala si kuinywa, kwani kwa mila ya Wakikuyu pombe ilikuwa ya wazee, na ami hakuwa mtu wa kuchezea mila. Kipimo hakuwa nacho. Alikoroga sehemu moja ya asali, masega yakiwamo, kwa sehemu kama nne za maji aliyoyachemsha na kuyaacha yapoe hata kidole kisihisi moto wala baridi. Alionja, akatema, akaongeza asali, akaonja tena. "Mwanangu, ikiwa tamu kama chai ya wageni, imetosha," alisema. Kibuyu kiliwekwa mahali ambapo joto la meko lilikifikia bila kukichoma. Usiku aliamka mara mbili kwenda kukisikiliza. Ndiyo, kukisikiliza: aliinama, akaweka sikio mdomoni mwa kibuyu kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. "Bado inaongea," aliniambia. Siku ya pili ilivuma. Siku ya tatu ikawa inanong'ona tu, naye akaichuja. Ilipaswa kunywewa upesi, kwa sababu ikikawia hugeuka siki.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kusoma kile ambacho ami alikuwa akikisikiliza. Chachu hula sukari ya asali, ikatoa kileo na hewa ya kaboni. Ile sauti ni hewa inayopanda. Lakini kileo hicho hicho huikaba chachu iliyokitengeneza. Kikifika kiasi cha asilimia 14 au 15, chachu ya kawaida hulegea na kufa, hata kama sukari imesalia. Kwa hivyo mzee mwenye kibuyu hawezi, hata akitaka, kutengeneza kileo kikali kuliko divai ya kawaida. Kuupita mpaka huo lazima achemshe alichokipika na kuunasa mvuke wake, na hapo hatuzungumzii muratina tena, bali chang'aa.

Na hata chang'aa, pamoja na madhara yake yote ambayo siyatetei, siyo asili ya upofu tunaousikia kila baada ya miaka michache. Kinachopofusha ni methanoli, kemikali ya viwandani ambayo wafanyabiashara walafi huitia katika pombe ili kuiongezea ukali kwa gharama ndogo. Mwilini, methanoli hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo huushambulia mshipa wa jicho kabla ya kuushambulia uhai wenyewe. Matunda yanapochacha hutoa chembe ya methanoli, ila ni kidogo mno kumdhuru mnywaji. Hii ndiyo sumu iliyowaua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi mnamo Novemba 2000. Ndiyo iliyoua tena Mei 2014 katika kaunti kadhaa, zikiwamo Embu na Kiambu, watu zaidi ya 80 wakaangamia.

Siandiki haya ili nijionyeshe kuwa najua kemia. Binamu yangu, mwana wa pili wa ami, alikuwa miongoni mwa walionusurika Mei ile. Alinusurika roho, macho hayakunusurika. Aliamka alfajiri akamuuliza mkewe kwa nini hajawasha taa, na taa ilikuwa inawaka.

Alichokunywa binamu yangu hakikutoka katika kibuyu. Kilitoka katika chupa ya plastiki yenye lebo, iliyouzwa katika baa yenye leseni ukutani. Mwaka mmoja baadaye serikali ilipokasirika, na ilikuwa na haki ya kukasirika, hasira yake ilifika hadi kwenye meko ya babake kipofu, mtu ambaye hakuwahi kumuuzia mtu yeyote hata kikombe kimoja.

Hata hivyo, haki inanilazimu kueleza upande wa pili, nao ni wa mama mdogo, mke wa ami. Vibuyu vilipovunjwa, yeye hakulia. Alichukua ufagio, akazoa vigae, akamwagia uwanja maji. Nilipofika jioni na kuanza kulalamika, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu: "Mwanangu, wewe unanifundisha tofauti ya pombe na pombe. Mimi nina mtoto mwenye ndevu ninayemshika mkono kumpeleka chooni. Acha zivunjwe zote."

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina la kumridhisha. Wala siwezi kudai kwamba muratina haikuwahi kuharibu nyumba. Wapo wazee wa rika la ami waliouza mashamba na kuwapiga wake zao, na vibuyu vyao havikuwa na methanoli. Kile ninachoweza kusema ni kwamba baada ya msako ule, wanaume wa kijiji chetu hawakuacha kunywa. Waliacha kunywa cha nyumbani. Walielekea baa, pale pale alipopofukia binamu yangu, na Februari 2024 tulisikia tena habari za vifo, mara hii Kirinyaga, watu 17.

Sheria nayo haijasaidia kutenganisha mambo haya. Ile Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, ilizifuta sheria mbili za zamani, moja iliyoharamisha chang'aa na nyingine iliyohusu utoaji wa leseni za vileo, ikaviweka vileo vyote chini ya leseni. Kwa mfanyabiashara huo ulikuwa ufunguzi. Kwa mzee anayetaka lita kumi za kumiminia mizimu na kuwakaribisha wakwe, haukuwa chochote. Namkumbuka babu akimwendea chifu kuomba ruhusa kabla ya karamu, akarudi na kikaratasi alichokihifadhi kama hati ya shamba. Nadhani kikaratasi hicho kilikuwa na busara kuliko nilivyofikiri nikiwa mtoto.

Kati ya mayegea ya ami, moja lilisalimika, kwa kuwa alinipa mwaka 2011 nilipostaafisha udhuru wangu wa kukosa nafasi. Nalitunza Nairobi, katika kabati la jikoni, limefungwa kwa karatasi ya kaki. Mara mbili kwa mwaka napika lita kumi kwa asali ya Mwingi, kwa sababu asali ya kwetu imekuwa adimu, na wauzaji wengi wa barabarani wanaoandika "muratina" wanatumia sukari ya dukani na hamira ya mkate. Ami aliionja yangu kabla hajafariki mwaka 2019. Aliinamisha sikio kwanza, kama ada yake. "Inaongea," alisema, "ila ina lafudhi ya mjini."

Desemba hii kuna ruracio ya binti ya yule binamu yangu. Wakwe wameuliza tutapokea nini, na wazee wetu wamejibu kwamba bia za kreti hazikataliwi, lakini ya kumimina chini iwe muratina. Mzigo umeniangukia mimi. Nilikwenda katika ofisi moja inayohusika na leseni za vileo kuuliza kama naweza kupata kibali cha siku moja. Karani, kijana mwenye adabu, aliniuliza kama mimi ni baa, duka la jumla au kiwanda. Fomu yake haikuwa na nafasi ya nne.

Kazi ya kutoa leseni za vileo Katiba imezikabidhi kaunti. Basi nawaomba wawakilishi wa wadi katika mabunge ya kaunti waiongeze nafasi hiyo ya nne: mtu mmoja, sherehe moja, kiasi kisichozidi lita ishirini, marufuku kuuza, na jina la mwenye boma liandikwe kwa chifu ili likitokea lolote ajulikane wa kuulizwa. Anayeuza methanoli hataomba kibali hicho, na askari atakuwa na sababu ya kumwacha mzee na kumfuata yeye.

Kwa sasa mtungi uko jikoni kwangu, siku ya pili, unavuma. Mama mdogo ameshaambiwa. Hakusema ndiyo wala la. Aliuliza tu utawekwa wapi siku hiyo, na ni nani atakayekuwa akimimina.